Namba ya miwani itapanda hata usipoivaa

Ndani ya daladala ya Mbagala utamwona mzee kanyoosha mkono, karibu amguse jirani, anasoma ujumbe kwenye simu. Mshauri avae miwani ya kusomea, atakujibu kwamba macho yakishaizoea yatalegea na namba itapanda kila mara.

Namba itapanda kweli. Ila itapanda hata asipoivaa.

Nyuma ya mboni kuna lenzi ya asili. Lenzi hiyo huongeza nyuzi mpya maisha yote wala haitupi za zamani; hizo husukumwa katikati, zikabanana na kukakamaa. Ukitazama kitu cha karibu, msuli mdogo unaoizunguka hujikaza ili lenzi itune. Mtoto wa miaka 10 ana uwezo wa kuituna lenzi hiyo wa takriban dayopta 14 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi, ndicho cha namba ya miwani). Ukivuka miaka 40 uwezo huo umepungua kiasi cha kukusumbua kusoma, na kwenye 60 karibu umekwisha. Msuli wenyewe bado hujitahidi; lenzi ndiyo haikubali tena kubadili umbo. Kwa hiyo mazoezi ya macho na juisi ya karoti (siku hizi tunauziwa kila kitu) havirudishi ulaini huo.

Mbona basi wengi huapa kwamba miwani iliwaharibu? Huanza kuivaa katika umri uleule lenzi inapozidi kukakamaa. Tena ukishaonja herufi kali, ukungu uliouvumilia zamani unakuwa kero.

Miwani ya bei nafuu ya Kariakoo nayo haiharibu macho, ingawa vioo vyote viwili huwa na namba moja na macho yako huenda hayalingani. Bora upimwe: presha ya macho mara nyingi huanza bila maumivu, na muuza miwani wa barabarani hawezi kuigundua.