Mionzi ya CT skani ya utumbo mwembamba: watu wanavyoamini na ukweli ulivyo

Hii mada inawahusu zaidi wenye ugonjwa wa Crohn, yaani uvimbe wa muda mrefu wa utumbo, sababu wengi wao wanagundulika wakiwa bado vijana na ugonjwa wenyewe hauishi, unatulia unarudi, kwahiyo mtu anaweza kujikuta kapigwa skani nyingi sana kabla hata hajafika miaka 40. Hapo ndo suala la mionzi linakuwa zito. Na ndo maana inaniuma nikiona watu wanaogopa vitu visivyo na madhara halafu vile vinavyopunguza mionzi kweli wanavipita tu.

"Mionzi inabaki mwilini, usimshike mtoto ukitoka huko." Hapana. CT inatumia eksirei, na eksirei ni kama mwanga wa taa, ukizima umeisha. Ukishuka kitandani huna mionzi yoyote ya kumwambukiza mtu.

"Mionzi iko kwenye yale maji mengi wanayokunywesha, kwahiyo ukinywa kidogo unapata kidogo." Hii ndo naiona hatari kuliko zote, manake inamfanya mtu ajiumize mwenyewe. Yale maji hayana mionzi hata chembe. Kawaida ni kama lita moja na nusu hivi, unakunywa taratibu kwa dakika 45 mpaka saa nzima, kazi yake ni kuutanua utumbo ili ukuta wake uonekane vizuri. Utumbo usipojaa unajikunja, na ukuta wa utumbo uliojikunja unaonekana mnene hata kama ni mzima kabisa. Sasa daktari anayesoma picha anabaki hajui huu ni uvimbe wa ugonjwa au ni utumbo tu haukujaa, na mwisho wa siku anaweza kuomba kipimo kingine. Yaani glasi mbili ulizomwaga zinaweza kukuletea dozi ya pili nzima ya mionzi. Kama tumbo linakataa, unasikia kichefuchefu, waambie wahudumu mapema, usinyamaze tu.

Na ile dawa wanayokuchoma mshipani ili picha ionekane vizuri ni ya ayodini, nayo haina mionzi. Ina mambo yake ya figo na mzio ambayo lazima uyaseme kabla, ila hilo ni suala lingine.

"Picha ikiwa na chenga ujue kipimo kimeharibika." Sio lazima, na hapa naomba mnielewe vizuri sababu ndo kiini cha kupunguza mionzi. Chenga na mionzi vinakwenda kinyume: ukipunguza dozi nusu, chenga zinaongezeka kwa kama asilimia 40. Kwahiyo swali sio picha ni nzuri kiasi gani machoni, swali ni je inajibu kilichoulizwa? Anayetafuta kivimbe kidogo ndani ya ini anahitaji picha safi kweli. Anayetaka kujua ukuta wa utumbo umenenepa, kuna jipu, au kuna njia imetoboka kwenda kiungo kingine, anaweza kuvumilia chenga kiasi na jibu likatoka lile lile. Kung'ang'ania picha ya kupendeza ni kumlipisha mgonjwa mionzi asiyoihitaji.

Halafu kuna kitu kizuri sana kuhusu ayodini. Mashine ikishushwa nguvu ya umeme wa eksirei kutoka kilovolti 120 mpaka 100, mengine yote yakibaki vile vile, dozi inashuka kwa karibu theluthi moja, na hapo hapo ayodini inang'aa zaidi, sababu inanyonya vizuri zaidi eksirei za nguvu ndogo. Ukuta wa utumbo wenye uvimbe unavuta damu nyingi, damu ina ayodini, kwahiyo unawaka kwenye picha hata kama chenga zimeongezeka. Kwa mtu mwembamba inafaa sana, kwa mwenye mwili mkubwa inabidi waangalie sababu eksirei dhaifu hazipenyi vya kutosha. Na siku hizi kompyuta zina programu za kuijenga picha kwa kuirudia rudia na kuondoa chenga, hizo nazo zimesaidia kushusha dozi bila kupoteza jibu.

"Wakipiga mara mbili, kabla na baada ya dawa, ndo wanaona vizuri." Kwa ugonjwa wa Crohn mara nyingi mzunguko mmoja unatosha, karibu sekunde 45 hadi 50 baada ya dawa kuingia mshipani. Mizunguko miwili ni karibu dozi mara mbili, hesabu yake haina siri. Anayevuja damu tumboni ndo mara nyingi anahitaji zaidi ya mmoja.

"Wangenifunika na aproni ya madini ya risasi ningekuwa salama." Ndani ya eneo linalopigwa, risasi inaweza kuharibu picha na kuichanganya mashine ikaongeza mionzi yenyewe. Chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, kilishauri mwaka 2019 kwamba kufunika sehemu za uzazi kama desturi kuachwe. Kinachosaidia ni vitu vidogo ambavyo mgonjwa hata haoni: mikono kuinuliwa juu ya kichwa isikae njiani, na mwili kuwekwa katikati kabisa ya duara la mashine. Ukilala pembeni au kitanda kikiwa juu sana, mashine inaweza kukuona mnene kuliko ulivyo na kukupimia dozi kubwa.

"Basi bora nisipigwe kabisa." Skani ya tumbo ya kawaida ni kama milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 8 hadi 10, wakati mazingira tu yanampa binadamu wastani wa 2.4 kwa mwaka. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba milisiveti 10 zinaongeza hatari ya kufa kwa kansa kwa kama mtu mmoja kati ya 2,000. Ni ndogo, ila inajumlishana, kwahiyo kwa ufuatiliaji wa kawaida ulizia MRI (picha ya sumaku) au ultrasaundi ambazo hazina mionzi hii, na skani za zamani uende nazo wasirudie kitu ambacho tayari kipo. Lakini ukifika usiku na homa, tumbo gumu kama ubao, wanahofia utumbo umetoboka, CT inawapa jibu ndani ya dakika chache, panda kitandani upigwe, mazungumzo ya MRI yatakuja ukishapona.