Kesi iliishaje? Kuhusu kutafuta rekodi za kukamatwa mtandaoni Marekani

Kazi yangu ni kupekua mafaili ya mahakama za Marekani, na karibu kila wiki ananipigia mtu ambaye ameingia intaneti, kaandika jina la mtu, kalipia ripoti, sasa ana hofu tele. Namuuliza swali moja tu, kesi iliishaje? Hajui. Ripoti imeandika kakamatwa tarehe fulani kwa wizi, basi.

Sasa hiyo rekodi maana yake ni kwamba polisi walimchukua mtu kwa tuhuma. Kama mwendesha mashtaka aliona hakuna kesi, au hakimu aliifuta, au jamaa alishinda, hayo hayapo, kwa sababu anayeandika kukamatwa ni polisi au sherifu (mkuu wa polisi na jela wa kaunti, yaani wilaya ya huko) na anayeandika mwisho wa kesi ni karani wa mahakama, na habari isipotoka kwa karani kwenda kule, tuhuma inabaki peke yake miaka nenda miaka rudi.

Wengi wanaamini kuna kompyuta moja ya nchi nzima. Ipo kweli, FBI wana NCIC, hifadhi yao ya taarifa za uhalifu ya nchi nzima, tangu 1967, lakini ni ya vyombo vya dola, mimi na wewe hatuingii. Na mwaka 1989 Mahakama ya Juu ilisema FBI hawalazimiki kumpa mtu baki historia ya jinai ya mwenzake, hata kama kila karatasi iko wazi kwenye mahakama ilikotoka. Kwa hiyo raia amebakiwa na vipande vipande, kaunti zaidi ya 3,000 na kila moja na utaratibu wake, na zile saiti zinazokuuzia ripoti ya "nchi nzima" zinaokota vipande hivyo na kuviunga kwa jina. Kaunti nyingine hazimo kabisa.

Mimi naanza na kaunti alikoishi mtu. Saiti ya sherifu mara nyingi inaonyesha walioko jela sasa hivi, haikusaidii sana kwa mambo ya zamani. Naenda kwa karani wa mahakama, natafuta jina, nafungua kesi na nasoma mpaka mstari wa mwisho kabisa, manake jibu liko huko chini. Kesi za mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu, ziko PACER, saiti ya mahakama hizo ya kusomea mafaili, senti 10 kwa ukurasa, waraka mmoja hauzidi dola 3, na ukitumia dola 30 au chini kwa miezi mitatu hulipi kitu. Waliopita magereza ya shirikisho kuanzia 1982 unawatafuta bure kwenye saiti ya idara ya magereza.

Halafu majina. Jamani majina! Baba mmoja alikataliwa nyumba ya kupanga kwa sababu kampuni moja ya kuuza ripoti ilimbandika makosa ya mtu mwingine, jina la kwanza sawa, la ukoo sawa. Nilivyofungua faili mahakamani, mshtakiwa alikuwa amemzidi miaka 11 na jina la katikati tofauti. Dakika kumi tu za kusoma, na hakuna aliyezitumia. Usimhukumu mtu kwa jina, tafuta tarehe ya kuzaliwa, tafuta anwani ya wakati ule.

Sheria ya shirikisho inamlinda mtu kama huyo lakini watu hawaijui. Tangu 1970 kampuni inayouza ripoti kwa ajili ya kazi au nyumba inabanwa, kukamatwa kusikoishia na hatia kukipita miaka 7 kwa kawaida hakutakiwi kuonekana kwenye ripoti (kazi za mshahara mkubwa ziko nje ya kinga hiyo), ila hatia yenyewe haina kikomo kwenye sheria hiyo ya shirikisho. Mwajiri akuombe kibali kwa maandishi, na akitaka kukunyima kazi kwa sababu ya ripoti akupe nakala kwanza. Ukipinga, kampuni ina kama siku 30 kuchunguza. Zile saiti za bei rahisi huandika kwa maandishi madogo kwamba ripoti yao isitumike kwa ajira wala upangaji, kwa hiyo mwenye nyumba ukiitumia kumkataa mpangaji umeshajiingiza matatani.

Pennsylvania ilipitisha 2018 sheria ya rekodi kufungwa zisionekane na umma, zenyewe tu bila mtu kuomba, ya kwanza Marekani, lakini nakala iliyokwishanunuliwa inaweza kuendelea kuzunguka. Picha ambazo polisi humpiga mtu akikamatwa ndio zinaniuma zaidi, kuna saiti zilikuwa zinamtoza mtu pesa ili ziiondoe picha yake. California ilipiga marufuku tozo hiyo kuanzia 2015.

Yule baba tulimchukulia nakala za faili zenye muhuri wa karani, akapinga, kampuni ikasahihisha. Nyumba ilikuwa imeshapata mpangaji mwingine. Zile karatasi anatembea nazo kwenye begi mpaka leo, kila anapoenda kuomba nyumba.