Hiari ya siku nne

Kila muhula nikifika kwenye mada ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, naanza na kesi ya mbali sana kabla sijagusa za kwetu: kijiji cha wawindaji kule Greenland kilichoondolewa mwaka 1953 kwa sababu ya kambi ya jeshi. Ni ya mbali kiasi kwamba wanafunzi hucheka nikiyatamka majina: Uummannaq, Pituffik, Qaanaaq. Naipenda kwa sababu darasani hakuna mwenye shamba kule, wala mwenye mjomba aliyevunjiwa nyumba kule. Tunasoma karatasi kwa utulivu, bila mtu kupandisha sauti. Tukishazisoma karatasi hizo, zile za kwetu tunazisoma kwa macho mengine.

Tuanze na mahali penyewe. Chukua ramani, tafuta Greenland, kisha panda pwani ya magharibi hadi karibu vidole viishe. Unapita mstari wa duara la Aktiki, unaongeza kilomita zaidi ya elfu moja kaskazini, ndipo unafika kwa Inughuit. Ni kundi la Wainuiti, wenyeji wa Aktiki, lililo kaskazini kabisa, wenye lugha yao, Inuktun, na mwaka 1953 walikuwa kama watu mia tatu hivi kwa jumla. Mia tatu! Shule moja ya msingi mtaani kwako ina zaidi ya hao.

Waliishi kwa kuwinda. Sili, nyangumi wenye pembe moja ndefu, walrasi (yule mnyama mzito wa baharini mwenye meno mawili kama ya tembo), ndege wa miambani wakati wa kiangazi, mbweha wa kutegwa kwa ajili ya ngozi. Chombo chao baharini ni kayaki (mtumbwi mwembamba) na chusa, na juu ya bahari iliyoganda ni sleji inayovutwa na mbwa. Lipo jambo moja ambalo mtu wa pwani atalielewa upesi kuliko mtu wa bara: kwao barafu ni barabara na ni shamba kwa wakati mmoja. Ukimhamisha mwindaji kilomita mia moja, unaweza kumpa nyumba nzuri kuliko ya mwanzo, lakini umemwondoa kwenye mkondo anaoujua, kwenye ufa wa barafu ambako walrasi huibuka, kwenye bonde la mbweha. Mvuvi anayejua mwamba wake hahitaji mhadhara juu ya hili.

Kijiji kilikuwa Uummannaq, chini ya mlima Dundas, ng'ambo ya uwanda wa Pituffik. Mwaka 1910 Knud Rasmussen, aliyezaliwa Greenland na mwenye damu ya Kidenishi na ya Kiinuiti, pamoja na rafiki yake Peter Freuchen, walifungua hapo kituo cha biashara wakakiita Thule. Ngozi za mbweha zikaingia, bunduki na chai zikatoka, na faida ikagharimia misafara ya Rasmussen ya utafiti. Mwaka 1927 likaundwa baraza la wawindaji, na miaka miwili baadaye zikaandikwa sheria za eneo: nani awinde nini, lini, na nani asaidiwe akipungukiwa. Wakumbusheni wale wanaosema watu kama hawa hawakuwa na utaratibu wa kuwakilishwa. Baraza lilikuwepo, na kila ofisa aliyehusika alijua kwamba lipo.

Sasa vita baridi. Shika tufe la dunia, ulitazame kutoka juu, kichwani, uone jinsi njia fupi kati ya Marekani na Urusi inavyokatiza Aktiki. Ndege za kubebea mabomu za wakati ule zilihitaji mahali pa kutua na kujaza mafuta. Tarehe 27 Aprili 1951 Denmark, iliyokuwa ikiitawala Greenland, na Marekani zilitia saini mkataba wa ulinzi wa Greenland, na kiangazi hicho hicho zikaja meli zipatazo 120 na watu kama 12,000 kujenga uwanja wa ndege kwenye uwanda wa Pituffik. Mwanajiografia Mfaransa, Jean Malaurie, alirudi na mbwa wake kutoka safari ndefu ya kaskazini Juni mwaka huo, akakuta jiji la mahema na mabati mahali palipokuwa patupu alipopaacha. Wajenzi 12,000 kwa wenyeji 300: kila mwenyeji mmoja, wageni 40.

Kwa miaka miwili kijiji kilivumilia kuishi karibu na kambi. Kelele ziliwatimua wanyama, na mbweha wakaanza kutoweka katika mabonde ya karibu. Kisha katika majira ya baridi ya 1952 kuingia 1953 jeshi la anga la Marekani likataka mizinga ya kutungulia ndege iwekwe Dundas, yaani kwenye rasi ile ile ya kijiji. Serikali ya Denmark haikupenda askari na wenyeji wazidi kuchanganyika. Ikaonelea ni rahisi zaidi kuondoa kijiji.

Uamuzi ulifikiwa tarehe 25 Mei 1953. Watu 116 waliambiwa waondoke, wakapewa siku nne.

Hapa huwa nawaomba wanafunzi wasimame kidogo, wafikirie mwisho wa Mei kule juu. Jua halizami, na bahari bado imeganda lakini barafu imeanza kuchoka. Ukichelewa wiki kadhaa, sleji haipiti tena. Nyumba za mawe na udongo wa majani haziwezi kubebwa, kwa hiyo zinaachwa. Zinaachwa pia akiba za nyama zilizofukiwa chini ya mawe, na kanisa, na makaburi. Unapakia ngozi, sufuria, silaha, watoto na wazee, unawafunga mbwa, unaelekea kaskazini zaidi ya kilomita mia. Mnakofika, Qaanaaq, nyumba za mbao mlizoahidiwa bado hazijajengwa. Kiangazi chote mnakaa kwenye mahema, mvua na upepo, mpaka nyumba ziwe tayari karibu na baridi kurudi.

Lakini nilisema hii ni kesi ya karatasi. Karatasi ya serikali ilisema nini? Kwa miaka mingi ilisema kwamba watu wa Thule walihama kwa hiari yao: mawindo yamepungua kwa sababu ya kambi, wenyewe wakaona heri wasogee, serikali ikawasaidia. Wahenga wetu wana neno, hiari yashinda utumwa, na nadhani ndiyo sababu serikali zote duniani zinalipenda hilo neno la kwanza. Likishaandikwa kwenye faili, kila anayefungua faili baadaye huanzia hapo. Mhamaji wa hiari hadai fidia. Anashukuru kwa nyumba aliyopewa.

Nami huwaambia wanafunzi: mkiona neno hiari kwenye taarifa ya kuhamisha watu, tafuteni tarehe mbili, ya kupewa taarifa na ya kuondoka, kisha hesabuni siku zilizo katikati. Nne ni jibu tosha.

Tukiwa kwenye tarehe, kalenda ya kesi hii imenikosesha usingizi zaidi ya kitu kingine chochote. Uamuzi wa kuhamisha ni 25 Mei 1953. Katiba mpya ya Denmark, iliyoifanya Greenland sehemu ya ufalme badala ya koloni, ilianza kutumika 5 Juni 1953. Ni tofauti ya siku 11. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu ulianza kuifunga Denmark 3 Septemba 1953, na itifaki yake ya kwanza, ile inayolinda mali, Mei 1954. Kisha Novemba 1954 Umoja wa Mataifa ukakubali kuiondoa Greenland kwenye orodha ya maeneo yasiyojitawala, Denmark ikasifiwa. Kila mlango wa haki uliofunguka, Inughuit walikuwa wameshapitishwa nje yake siku chache, miezi michache au mwaka na kitu kabla. Sisemi ilipangwa hivyo, kwa sababu mwanasheria hasemi asichoweza kuthibitisha. Nasema tu kwamba mtu aliyetaka kuipanga asingeweza kuipanga vizuri zaidi.

Ikachukua zaidi ya miaka 40 kufika mahakamani. Waliohamishwa na watoto wao waliunda chama wakakiita Hingitaq 53, waliofukuzwa wa mwaka 53, na mwaka 1996 wakafungua shauri dhidi ya serikali. Walidai fidia, na walidai haki ya kurudi, kuishi na kuwinda kwao. Wadai walikuwa zaidi ya mia nne.

Hukumu ya Mahakama Kuu ilitoka 20 Agosti 1999, na sehemu yake ya kwanza ni tamu: watu hawa hawakuhama kwa hiari, walihamishwa, na jinsi walivyohamishwa ilikuwa kosa dhidi yao. Karatasi ya miaka 46 ikachanika. Ukiisoma mpaka hapo unaweza kudhani wameshinda.

Kisha njoo kwenye hesabu. Kwa kupoteza maeneo ya kuwinda, kroni 500,000 kwa jamii nzima, ambazo kwa wakati ule ni kama dola 70,000. Nyumba za Qaanaaq zikahesabiwa kuwa sehemu ya fidia iliyokwisha kulipwa. Kwa mtu mmoja mmoja, kroni 25,000 kwa aliyekuwa na miaka 18 na zaidi siku ya kuhamishwa, na 15,000 kwa aliyekuwa na kati ya miaka 4 na 18. Haki ya kurudi hawakupewa.

Wiki mbili baadaye, 2 Septemba, Waziri Mkuu Poul Nyrup Rasmussen aliomba radhi rasmi. Isome kwa makini. Radhi iliombwa kwa namna uamuzi ulivyofikiwa na ulivyotekelezwa. Uamuzi wenyewe, kwamba kambi iwepo na kijiji kiondoke, haukuombewa radhi. Sitaki kuonekana mchokozi, maana kuomba radhi si jambo dogo na wapo wazee waliolia kwa kuisikia, lakini kazi yangu ni kusoma vihusishi.

Wakakata rufaa. Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi 28 Novemba 2003, kiasi kile kile cha fidia, na ikaongeza jambo ambalo kwa jicho la kisheria ndilo zito kuliko yote. Denmark ilikuwa imeridhia mwaka 1996 Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani, unaolinda haki za ardhi za watu wa asili. Inughuit wakasema: sisi ni watu wa asili wenye ardhi yetu. Mahakama ikajibu kwamba Wagreenland wote ni watu wamoja, Inughuit si watu pekee walio mbali na wengine, basi haki hizo haziwahusu kama kundi la peke yao. Lugha yao, sheria zao za 1929, baraza lao, yote hayakutosha. Hiki ndicho ninachokigombania na wenzangu hadi leo wakati wa chai. Ukisema ardhi ni ya Wagreenland wote, hakuna aliyefukuzwa kutoka kwake: amesogezwa tu chumba kingine cha nyumba ile ile.

Mwisho wa safari ulikuwa Strasbourg. Tarehe 12 Januari 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa kuisikiliza kesi. Kunyang'anywa mali, ilisema, ni tendo la mara moja, haliendelei siku hadi siku, na tendo lenyewe lilifanyika kabla mkataba haujaanza kuifunga Denmark. Kalenda tena.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza kama hili ni jambo la Aktiki tu. Nikamwambia ashuke Bahari ya Hindi, aulizie Diego Garcia. Wachagosi, wenyeji wa kisiwa hicho na vya jirani, wengi wao wazao wa watumwa waliotolewa Madagaska na pwani ya Msumbiji, waliondolewa visiwani mwao kati ya mwaka 1968 na 1973 ili Marekani ijenge kambi, wakatupwa Morisi na Shelisheli. Huko karatasi ilitumia neno jingine: waliitwa vibarua wa mkataba, ili ionekane kwamba hakukuwa na wenyeji wa kudumu wa kuhamisha. Na mbwa wao waliuawa kwa gesi.

Kambi ya Thule yenyewe ilibaki. Tarehe 21 Januari 1968 ndege ya B-52 yenye mabomu manne ya haidrojeni ilianguka juu ya barafu karibu nayo, na walioitwa na sleji zao kusaidia kuwatafuta marubani gizani ni hao hao waliokuwa wamesogezwa pembeni kwa ajili ya kambi. Mwaka 2003 kipande cha Dundas kiliondolewa kwenye eneo la jeshi, kikarudishwa kwa Greenland. Aprili 2023 Marekani ikaibadili kambi jina. Haiitwi tena Thule, inaitwa Pituffik, jina la wenyeji kwa uwanda ule, maana yake mahali pa kufungia mbwa.

Muhula huu, nilipomaliza kusoma viwango vya fidia kwa sauti, binti aliyekaa nyuma alinyoosha mkono. Akauliza: na mtoto wa miaka mitatu je? Nikafungua tena ukurasa tukausoma pamoja. Aliyekuwa na miaka minne siku ile ya Mei alikuwa amefika hamsini hukumu iliposomwa, akapewa kroni 15,000. Mdogo wake, aliyefungwa juu ya sleji ile ile, hakupewa kitu.