"Ana mwili tu kama baba yake": maswali ya wazazi kuhusu kupima mafuta na mazoezi ya watoto wa shule

Mtoto akirudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa uzito, urefu na namba ya ajabu chini yake, simu huanza kuita. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi na wazazi wa huku, kuanzia Uyole, Mbeya, hadi Kihesa, Iringa.

Mwanangu ana mwili tu kama baba yake. Kuna haja gani ya kumpima?

Macho yetu yamezoea kumhofia mtoto mwembamba, na tuna sababu. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Njombe ilikuwa asilimia 50.4, wakati wastani wa taifa ni 30. Bibi aliyelea watoto katika hali hiyo akiona mashavu ya mjukuu yamejaa anamshukuru Mungu, nami simlaumu hata kidogo.

Ila kudumaa hakumkingi mtoto na mafuta. Mtoto mfupi kwa umri wake anaweza kubeba mafuta mengi kuliko anavyoonekana, na ile sare tunayonunua kubwa ili "akue nayo" inaficha kila kitu. Mafuta yakizidi mapema, shinikizo la damu, kisukari aina ya pili, ini lenye mafuta na maumivu ya magoti hayasubiri mtu afike miaka hamsini. Mengi ya hayo huanza kimya kimya. Mtoto anayekoroma sana usiku na kusinzia darasani, kwa mfano, nyumbani tunamwita mvivu tu.

Hiyo namba ya chini ndiyo nini?

Ni uwiano wa uzito na urefu, ule unaoitwa BMI kliniki. Unachukua kilo, unagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Tuseme mtoto ana kilo 36 na urefu wa mita 1.38. Urefu mara urefu ni 1.90, na 36 ukigawa kwa hiyo unapata 18.9.

Hapo ndipo wazazi wengi wanapopotea, maana wanakumbuka 25 na 30, ambazo ni namba za watu wazima. Mtoto husomwa kwenye jedwali la umri na jinsia la Shirika la Afya Duniani. Kwa mvulana wa miaka 10 kamili, uzito uliozidi huanza juu ya 18.5 na kiribatumbo, yaani unene wa kupindukia, juu ya 21.4. Kwa msichana wa umri huo ni 19.0 na 22.6. Kwa hiyo 18.9 ileile inamvusha mvulana mstari, lakini msichana bado yuko ndani.

Asubuhi ya Julai, baridi la Mbeya, walimvua sweta na viatu. Kulikuwa na haja?

Tena kubwa. Mrudie mvulana wetu wa kilo 36. Sweta zito na viatu vya ngozi vikiwa na gramu 800, uzito wake halisi ni kilo 35.2. Piga hesabu upya: inatoka 18.48, yaani yuko chini ya mstari. Sweta limemfanya mtoto wa watu aitwe mzito.

Urefu nao una adabu zake. Asimame pekupeku, visigino, makalio na mabega vikigusa ubao, macho yakitazama mbele moja kwa moja. Akiinua kidevu kidogo tu, kipimo kinabadilika. Kama ana nywele zilizosukwa juu, ubao unalala kwenye nywele badala ya kichwa. Mpimaji makini hupima mara mbili. Ukiona anayeandika namba huku akizungumza na simu, una haki ya kuomba arudie.

Kwa hiyo namba hiyo ndiyo mafuta yenyewe?

Hapana, na hili ndilo ningependa kila mwalimu wa afya alijue. Mizani haijui kutofautisha misuli, mfupa, maji na mafuta. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa watoto zaidi ya 1,500 wa miaka 8 hadi 11 kutoka Ghana, Kenya, Namibia, Senegal, Tunisia na Tanzania. Walipolinganisha uwiano huu na kipimo cha mafuta yenyewe, waligundua kwamba uwiano ulikuwa ukiwaacha wengi wenye mafuta kupita kiasi. Aliyetajwa kuwa na kiribatumbo kwa kawaida alikuwa nacho kweli. Tatizo ni wale walioambiwa wako sawa.

Ndiyo maana wapimaji huongeza mengine. Kuna kifaa kama koleo kinachobana mkunjo wa ngozi nyuma ya mkono wa juu na mgongoni chini ya mfupa wa bega. Hakiumizi, kinafinya tu, ila kinataka mkono uliofundishwa. Kuna mizani inayopitisha umeme hafifu mwilini, ambayo hudanganyika mtoto akiwa na kiu au akiwa ametoka kunywa maji mengi. Na kuna utepe wa fundi cherehani, ninaoupenda kuliko vyote kwa matumizi ya nyumbani. Pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtoto akiwa ametoa pumzi kawaida. Kisifike nusu ya urefu wake. Mwenye sentimita 138 kiuno kibaki chini ya 69.

Nilisikia watafiti wanawapa watoto maji maalumu kisha wanachukua mate. Si mionzi hiyo?

Si mionzi. Maji hayo yana deuteriamu, haidrojeni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida, na hata maji ya bombani yana chembe zake. Mtoto hunywa kipimo kidogo, husubiri saa chache yasambae mwilini, kisha mate hupimwa kuona yamechanganyika kiasi gani. Hapo hujulikana mwili una maji kiasi gani. Mafuta hayashiki maji, hivyo kinachobaki kwenye hesabu ndicho mafuta. Ni kipimo cha utafiti, zahanati ya kata haina, na mzazi huombwa ridhaa kwanza.

Mwanangu anatembea kwenda shule. Mazoezi hayo hayatoshi?

Inategemea ni kutembea kupi. Anayepanda kutoka Ipogolo kwenda Iringa mjini kwa miguu amefanya kazi. Anayeshushwa na bajaji getini hajafanya. Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za wastani hadi nzito kwa umri wa miaka 5 hadi 17, na zile nzito zaidi angalau siku tatu kwa wiki.

Watafiti hufunga kiunoni kifaa kidogo kinachorekodi mtikisiko wa mwili kwa siku saba, maana ukimuuliza mtoto atakwambia "nilicheza sana" hata kama alikaa kwenye mdako mchana kutwa. Wewe tumia sikio: akiweza kuongea lakini asiweze kuimba, hapo moyo unafanya kazi. Mchakamchaka wa asubuhi, rede, kombolela na kuruka kamba vyote vinahesabika. Kinachonisikitisha ni darasa la saba kunyang'anywa kipindi cha michezo ili wafanye majaribio ya hesabu.

Nimpunguzie ugali?

Usimfungishe mtoto anayekua. Mara nyingi lengo ni uzito utulie ili urefu uukute. Anza na vinywaji: soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Kisha angalia ile shilingi ya mapumziko inayoishia kwenye chipsi na maandazi kila siku, wakati ndizi na parachichi za Tukuyu zimejaa sokoni. Na apate usingizi wa saa 9 hadi 12.

Wenzake wameanza kumwita bonge tangu wapimwe.

Basi upimaji uliendeshwa vibaya. Namba isisomwe kwa sauti mbele ya foleni. Mwone mwalimu mkuu, bila ugomvi, umwombe safari nyingine wapimwe mmoja mmoja na karatasi akabidhiwe mzazi.

Arudi kupimwa lini?

Kama amevuka mstari, mpeleke kituo cha afya au kwa afisa lishe wa halmashauri, kisha baada ya miezi mitatu hadi sita apimwe tena. Iwe mizani ileile, saa zilezile, na sweta avue.