"Mwili wangu haupatani na dawa": tunayoambiana kuhusu maumivu ya misuli, na ukweli wake

Mie ni mshona kofia, hapa Lamu. Kofia ya vito haishonwi kwa siku mbili, ni wiki kwa wiki shingo imeinama na sindano mkononi, na mwaka wa nne huu mabega yangu yamekaza, maumivu yakaanza shingoni yakashuka mgongoni, sasa hata mapaja. Tatizo langu la pili ni kuwa dawa nyingi hunisumbua. Ingine tumbo lawaka, ingine nalala mpaka adhuhuri. Kwa hivyo nimesikia kila ushauri barazani na jikoni kwa watu, na mwingi wake umenitia hasara, ndo naandika haya.

"Kama tumbo lakusumbua, pigwa sindano, haipiti tumboni"

Hili ndo lililonifikisha pabaya. Nilikuwa na vidonda vya tumbo, nikaenda duka moja la dawa nikasema wazi vidonge vya diklofenaki, ile dawa ya maumivu na uvimbe, vyaniunguza, kijana akaniambia basi mamangu tukupige sindano, tumbo halitajua. Nikapigwa tatu ndani ya wiki moja. Siku ya nne choo kilitoka cheusi kama lami, na choo cheusi cha namna ile ni damu, ni hospitali moja kwa moja hakuna kungoja kesho.

Ukweli ni kuwa diklofenaki na ibuprofeni haziumizi tumbo kwa kuligusa tu. Zinazuia kemikali fulani mwilini zinazoleta uvimbe, lakini kemikali hizo hizo ndo zinazolinda ukuta wa tumbo, na dawa ikishaingia kwenye damu inazizuia kote, uwe umemeza au umedungwa. Zinapandisha presha pia, zinabana figo, na mtu anayekunywa dawa za presha, hasa zile za kukojoza, ndo asiguse bila kuuliza. Hawa wazee wetu wanaopigwa "sindano ya maungo" kila mwezi na huku wana presha, mie roho yaniuma nikiwaona.

Halafu kuna jambo sikuwahi kuambiwa mpaka mwaka wa tatu. Maumivu yakipita miezi mitatu, mara nyingi mishipa ya fahamu yenyewe imeshaongeza sauti, yani kitu kidogo chasikika kikubwa. Kuna hali yaitwa fibromialgia, mwili mzima wauma, usingizi haushibishi, uchovu, na ukipimwa hakuna uvimbe. Sasa kama hakuna uvimbe, dawa ya kuondoa uvimbe itaondoa nini? Ndo maana wengine tunameza diklofenaki miaka na hatupati nafuu ila madhara. Marekani walioidhinishia dawa hali hii walianza na pregabalini 2007, duloksetini 2008, milnasiprani 2009, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni ya jamii ya diklofenaki, zote zafanya kazi kwenye mishipa ya fahamu na ubongo.

"Umepewa dawa ya wendawazimu"

Hapa ndo watu wengi hutupa dawa baharini. Mie kwa maumivu niliandikiwa amitriptilini. Dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya huzuni kali, hilo ni kweli, na ukisoma karatasi ya ndani ya boksi utashtuka. Lakini kwa huzuni hutumika miligramu 75 mpaka 150 kwa siku, kwa maumivu watu huanza na 10 usiku, wengine wafika 25 na wanatosheka. Daktari akikuandikia hiyo hajasema unajifanya wala akili imeruka. Dada yangu aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, kama kuna msiba, "kwani wamekuona mwehu?" Nikamwambia la, wameona silali.

Mara ya kwanza nilianzishwa 25 moja kwa moja. Mdomo ulikauka ulimi ukawa kama kitambaa, choo kikafunga, na siku tatu mfululizo sikusikia adhana ya alfajiri na msikiti uko ukuta kwa ukuta na sisi. Nikaapa mwili wangu na dawa hii basi. Miaka miwili baadaye daktari mwingine akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza ulianza na ngapi, ukainywa saa ngapi. Akanipa ya 10, akasema usiinywe unapoingia kitandani, inywe mapema, baada tu ya magharibi, ili ifikapo asubuhi iwe imepungua. Dawa ile ile. Mdomo ulikauka kidogo wiki ya kwanza ukatulia, na wiki ya tatu nikaamka siku moja nikainua mkono kuchukua kikombe rafuni bila kushika bega. Nilisimama pale pale na kikombe, machozi yakanitoka.

Ina watu isiowafaa lakini. Mwenye shida ya mapigo ya moyo, mwenye presha ya macho, mwanamume ambaye mkojo watoka kwa taabu sababu ya tezi dume, na wazee wanaoamka usiku gizani wanaweza kuanguka. Hao waseme mapema.

"Mimi nina aleji na dawa zote"

Neno aleji twalitumia vibaya sana, mie pia. Ukitoka vipele mwili mzima, midomo au uso ukavimba, pumzi ikabana, huo ndo mzio, kimbia hospitali na dawa hiyo usiirudie tena maishani, na uitaje kila unapotibiwa. Lakini kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi, mdomo mkavu, hayo ni madhara, na mengi yanafuata kipimo, ukipunguza yanapungua, au mwili wazoea baada ya wiki moja mbili. Ukiandikisha kila kitu kuwa mzio wajifungia milango na huenda nyuma ya mmoja ndo kuna nafuu yako.

Na si uoga wala kudeka. Ini lina vimeng'enya vya kuvunja dawa, na kila mtu amerithi vyake, wengine vinavunja haraka wengine pole pole, kwa hivyo kidonge kimoja kwa mtu na dada yake chaweza kukaa mwilini muda tofauti kabisa. Anayevunja pole pole, kipimo cha kawaida kwake ni kikubwa. Hofu nayo ina sehemu yake, imeonekana kwenye utafiti hata waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa hupata kichefuchefu na kuumwa kichwa kwa kuwa waliambiwa watapata, na kichefuchefu chenyewe ni cha kweli, hawasemi uongo.

Kilichonisaidia ni daftari la shule la kurasa 32. Tarehe, dawa, kipimo, saa niliyokunywa, maumivu kati ya sifuri na kumi, usingizi. Na dawa moja mpya kwa wakati mmoja, manake ukianza mbili siku moja na ukapata kizunguzungu utamlaumu nani? Msikate tu vidonge ovyo na kisu jikoni pia, nilijaribu juu ya kisahani kimoja kikawa unga, nusu hii kubwa nusu hii ndogo. Muulize mfamasia kama chakatika na kama kuna cha kipimo kidogo. Vya duloksetini ni kapsuli zenye punje zilizofunikwa zisiyeyuke tumboni, ukizifungua ukazitafuna umeharibu dawa.

"Ya asili haina madhara"

Kuchuliwa na mafuta ya simsim yaliyopashwa moto, sina ubaya nako hata kidogo, mie nachuliwa kila Alhamisi. Ninachoogopa ni ule unga usio na jina, kwenye karatasi au kichupa, unakunywa leo na kesho waamka mzima wacheza. Mti wa namna hiyo jiulizeni mara mbili. Nchi nyingi zimekamata dawa za "asili" za maungo zilizochanganywa kisiri dawa za steroidi kama prednisoloni na deksamethasoni, au hiyo hiyo diklofenaki. Zile mbili za kwanza ukitumia muda mrefu sukari yapanda, uso unakuwa duara, mifupa yalegea, na ukiacha ghafla waweza kuzimia kwa kuwa mwili umesahau kutengeneza steroidi yake wenyewe. Ukipatwa na madhara ya dawa yoyote, Bodi ya Famasia na Sumu, inayosimamia dawa hapa Kenya, yapokea ripoti hata kutoka kwa mgonjwa mwenyewe.

"Jeli ya kuchua ni kupoteza pesa"

Kama mwili mzima wauma, ni kweli haitatosha. Ila kama ni bega moja au goti, jeli ya diklofenaki yapitisha kwenye damu sehemu ndogo sana ukilinganisha na kidonge, kwa hivyo kwa sisi wenye matumbo mabovu yafaa kuulizia kabla ya vidonge. Osha mikono baadaye.

"Maumivu ni maumivu, nipe ya kutuliza tu"

Mwaka 2004 chikungunya, homa ya mbu inayouma viungo, iliingia kisiwani kwetu, watafiti wakakadiria kama robo tatu ya watu wa Lamu waliambukizwa. Jina lenyewe ni la Kimakonde, la kujikunja, na aliyepata ajua kwa nini, wako waliobaki na maumivu miezi baada ya homa kwisha. Nalitaja kwa sababu chanzo ndo huchagua dawa. Ami yangu aliumwa misuli ya miguu akaongezewa vidonge vya kutuliza juu ya vingine, mpaka mtu mmoja akauliza ameanza dawa gani mpya. Ilikuwa ya kolesteroli. Baadhi ya hizo huleta maumivu ya misuli, na kula mabalungi kwa wingi kunazidisha kwa zingine kwa sababu balungi lazuia kimeng'enya kinachozivunja, na ami alikuwa na mti wake uani. Daktari akambadilishia, miguu ikapoa. Tezi ya shingo ikilegea na vitamini D ikipungua pia misuli yauma, na hivyo vyapimwa kwa damu.

"Nikipata nafuu naacha siku hiyo hiyo"

Panadol sawa, iache, na usipite vidonge vinane vya miligramu 500 kwa siku. Lakini duloksetini, pregabalini, na amitriptilini iliyotumika muda mrefu hupunguzwa taratibu, ukikata ghafla waweza kupata kizunguzungu, jasho, na usingizi kupotea, halafu mtu adhani ugonjwa umerudi. Mie kabla ya Ramadhani nilikwenda kuuliza, kwa kuwa mdomo mkavu na saumu ni mtihani, na nikaambiwa niinywe baada ya futari, niongeze maji usiku. Hiyo diklofenaki ndo nimekatazwa kabisa nikiwa nimefunga, tumbo tupu na figo bila maji.

Na mazoezi, ambayo miongozo ya Ulaya ya 2016 kuhusu fibromialgia iliyapa uzito kuliko dawa zote, nayo yana kipimo. Siku ya kwanza nilitaka kutembea mpaka kijiji cha Shela nikalala kitandani siku mbili. Sasa maji yakitoka natembea ufuoni dakika kumi, narudi, naandika kwenye daftari.