Rejesta isomwe na kwa safu: utoro ulionipeleka mwaloni

Kila asubuhi mwalimu wa darasa anaita majina, anajaza rejesta, kiranja anapeleka idadi ofisini: waliosajiliwa, waliohudhuria, wasiohudhuria. Mwisho wa mwezi tunajumlisha, tunatafuta asilimia, taarifa inakwenda kwa afisa elimu kata na rejesta inarudi kabatini. Mimi ni mwalimu wa malezi katika shule ya msingi iliyo kando ya Ziwa Victoria, mkoani Mwanza, na kwa miaka mingi nilifanya hivyo hivyo bila kujiuliza.

Kilichonishtua ni rejesta ya darasa la sita. Usiku mmoja nilikuwa najumlisha mahudhurio, badala ya kufuata mstari wa kila mtoto nikaanza kushuka na safu za tarehe. Wavulana saba walikuwa wanapotea pamoja na kurudi pamoja. Kwa muda wa wiki mbili hivi wanakosekana, leo wawili, kesho watano, halafu kuna siku kama kumi mfululizo wapo wote. Mwezi uliofuata vilevile. Siku ya gulio haikuhusika, wala Jumatatu. Nilipolinganisha na mwandamo wa mwezi nikapata jibu: siku za mbalamwezi walikuwa darasani, siku za giza hawapo.

Aliyekulia ziwani ameshaelewa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Taa inawavuta dagaa pale ambapo hakuna mwanga mwingine. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, mitumbwi inapumzika. Giza likiingia, mwalo mzima, yaani ufuko mitumbwi inapofikia, unakesha, na alfajiri shehena inafika ikiwa bado mbichi. Dagaa hawangoji. Wasipoanikwa mapema na kugeuzwa jua likiwa kali, wanaharibika, na mvua ikiwakuta hasara ni ya siku hiyo hiyo.

Nilikwenda mwaloni saa moja asubuhi. Mmoja wa wale saba nilimkuta anatandaza dagaa kwa reki, sare yake ya shule imekunjwa vizuri juu ya ndoo. Hilo la sare lilinigusa sana, kwa sababu mtoto asiyetaka shule haji na sare mwaloni.

Mama yake alinikaribisha. “Mwalimu, shikamoo. Najua umemfuata huyu.”

“Marahaba, mama. Anamaliza saa ngapi?”

“Kutandaza? Saa mbili kasoro. Kugeuza tunageuza wenyewe.”

“Sasa mbona haji akimaliza?”

Akamtazama mwanawe. Mtoto akajibu chinichini: “Wachelewaji wanachapwa, mwalimu.”

Kazi ya kutandaza ilikuwa inamlia saa moja. Siku nzima ya masomo ilikuwa inaliwa na fimbo yetu ya getini. Mtoto alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa: akichelewa anachapwa leo mbele ya wenzake, asipokuja kabisa huenda hakuna atakayeuliza. Kanuni za viboko za mwaka 2002 haziruhusu kila mwalimu kushika fimbo getini. Zinamtaja mwalimu mkuu au aliyemteua kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na adhabu iandikwe. Lakini hata kama tungezifuata neno kwa neno, kumchapa mtoto aliyefika ni kumfundisha asifike.

Tulikubaliana na wazazi wa wale saba: siku za giza watoto wataingia darasani saa mbili na nusu badala ya saa mbili, bila adhabu, na kipindi kilichoanza wanakimalizia na mwenzao wakati wa mapumziko. Kuna walimu wenzangu wanaosema nimehalalisha uchelewaji. Nawaelewa, na kazi ya mtoto mwaloni mimi pia siipendi. Ila kati ya nusu saa na siku nzima, nachagua kupoteza nusu saa huku nikiendelea kuzungumza na wazazi.

Tangu hapo kila rejesta naisoma hivyo, na kila darasa lina yake. Msichana wa darasa la saba anayekosa siku tatu au nne kila baada ya wiki nne hahitaji barua ya onyo. Anahitaji taulo za kike, maji chooni na mlango unaofungika. Watoto wanaokosa siku ya gulio wamebaki kulea wadogo zao. Wapo pia wasioonekana kwenye rejesta hata kidogo, maana majina huitwa asubuhi tu: wanakwenda nyumbani kula saa sita na hawarudi. Kwa hao, uji au makande ya shuleni, mahindi yakichangwa na wazazi, yanafanya kazi kuliko mkutano wowote.

Ugumu wetu mkubwa ni idadi. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto wengi walioachwa nje wameingia, jambo jema kabisa, lakini darasa la watoto zaidi ya mia linameza asiyekuwepo. Kwa hiyo kazi ya kumfuatilia nimelikabidhi dawati. Wanaokaa pamoja wanajua nani hayupo na kwa kawaida wanajua kwa nini, na siku hiyo hiyo, jioni, mmoja anayeishi jirani anapita kwao. Mzazi mwenye simu napiga mwenyewe. Nikingoja wiki ipite, mtoto amekwisha zoea kutokuja.

Siku anayorudi ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Akipokelewa na “Ulikuwa wapi?” mbele ya darasa, atadanganya. Nikimwambia “Jana tulikukosa,” mara nyingi ananieleza bila kuulizwa. Halafu lazima apewe alichokosa. Aliyekosa siku mbili za kuanza sehemu katika hisabati atakaa wiki nzima haelewi, na asiyeelewa ana sababu mpya ya kubaki nyumbani.

Mtendaji wa kijiji namfikia mwisho. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inambana mzazi, na wapo wanaostahili kuitwa, hasa panapokuwa na harufu ya kumwoza binti; hapo singoji hata siku moja. Lakini mzazi aliyepelekewa wito kabla ya kutembelewa hanikaribishi tena.

Giza linaanza wiki ijayo. Orodha ya wale saba iko mfukoni, na Jumanne saa moja asubuhi nitakuwa mwaloni.