Umeambiwa una kisukari cha mimba? Usilale na njaa

Mama akipewa majibu ya kisukari cha mimba asubuhi, jioni yake wengi hulala bila kula. Tunajua kwa sababu akirudi kliniki na kuulizwa amekula nini tangu tuachane, jibu ni: "Chai ya rangi tu, sista, naogopa." Hofu hiyo naielewa. Ila kwa wajawazito ninaowahudumia hapa Dar es Salaam, kujinyima chakula kunanisumbua kuliko hata soda. Mwili ukikosa chakula huanza kuunguza mafuta, mama anaishiwa nguvu, na usiku njaa ikimzidi anamaliza sufuria ya wali.

Lawama tuiweke pembeni kwanza. Vitumbua peke yake havikukuletea hali hii. Kondo la nyuma hutoa homoni zinazoifanya insulini yako ifanye kazi kwa shida, na insulini ndiyo inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza mwilini itumike. Mimba ikikua homoni huongezeka, na kongosho linatakiwa kutengeneza insulini nyingi zaidi. Kwa wengi linamudu, kwa wengine linazidiwa. Ndiyo maana kipimo hufanywa hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kama una ndugu wa damu mwenye kisukari, uzito wako ulikuwa mkubwa kabla ya mimba, au uliwahi kujifungua mtoto wa kilo 4 na zaidi, sema mapema upimwe mapema.

Kipimo chenyewe kinataka subira. Unafika hujala tangu usiku, unatolewa damu, unakunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, kisha unatolewa tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2013, kufikia 5.1 (kwa kipimo cha mmol/L) kabla ya kula, 10.0 baada ya saa moja au 8.5 baada ya saa mbili kunatosha kusema una kisukari cha mimba, hata ikiwa ni namba moja tu kati ya hizo. Kijiti cha mkojo hakitoshi kutoa jibu.

"Lakini mbona sijisikii chochote?" Hapo ndipo wengine wanapotoroka kliniki. Kiu na kukojoa mara kwa mara mjamzito wa Dar huviita mimba na joto. Wakati huohuo sukari inavuka kwenda kwa mtoto, naye anatengeneza insulini yake kwa wingi na kunenepa, hasa mabegani. Siku ya kuzaliwa mabega yanaweza kukwama. Kitovu kikishakatwa, sukari ya mama imekoma lakini insulini ya mtoto bado ni nyingi, kwa hiyo sukari yake inaweza kushuka ghafla. Ndiyo sababu tunasisitiza anyonye ndani ya saa ya kwanza na apimwe. Mama naye yuko karibu zaidi na presha ya mimba na upasuaji.

Sasa chakula. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, bamia, kabichi. Robo iwe samaki, dagaa, maharage, kuku au yai. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au ndizi, na dona ni bora kuliko sembe. Wali hauna kosa. Shida huja pale wali, chapati na viazi vinapokutana kwenye sahani moja na juisi ikasimama pembeni. Kwa mama ntilie sema wazi: "Nipunguzie wali, niongezee mboga na maharage." Hatakukatalia.

Mlo mgumu kuliko yote ni wa asubuhi, kwa sababu saa hizo mwili huwa mkaidi zaidi kwa insulini. Chai ya maziwa yenye sukari na maandazi matatu itakupandisha hata kama siku nzima utajitahidi. Jaribu yai la kuchemsha na kipande cha muhogo au kiazi kitamu, na chai isiyo na sukari. Katikati ya milo kula kidogo: karanga, parachichi, chungwa zima. Juisi ya miwa, hata ikiwa na ndimu na tangawizi, ni sukari tu. Na uji wa lishe ambao mama mkwe ameukoroga kwa upendo? Unga laini na sukari hukimbilia kwenye damu. Mshukuru, kisha mje naye kliniki tumweleze sisi. Nyumba inayopika sufuria moja haiwezi kuwa na mgonjwa mmoja wa kuhangaika peke yake, na ile kauli ya "kula, mko wawili" imewaponza wengi.

Baada ya kula tembea dakika kumi au kumi na tano, jua likishapoa.

Ukinunua mashine ya kupima sukari, uliza kwanza kama stripu zake, vile vijiti vya kuwekea tone la damu, zinapatikana duka la dawa la karibu, na kopo lake lifunge vizuri maana unyevu wa huku huziharibu. Osha mikono kabla ya kujitoboa: kidole kilichotoka kumenya embe kitakupa namba ya embe. Kwa kawaida tunataka chini ya 5.3 kabla ya kula asubuhi, na chini ya 7.8 saa moja baada ya mlo. Andika namba kama zilivyo. Daftari lenye namba za kutufurahisha halitusaidii kupanga dawa.

Wiki moja au mbili za chakula na mazoezi zisipotosha, daktari ataongeza vidonge vya metformini au sindano za insulini. Insulini si adhabu, wala haimaanishi umeshindwa. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, isiguse barafu. Asiye na friji atuambie. Chombo cha udongo kilichozungushiwa mchanga mbichi, kikiwekwa kivulini, husaidia. Ukitetemeka, ukitoka jasho jembamba na njaa ikakushika ghafla, huenda sukari imeshuka mno: kunywa maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, kisha pima. Mwezi wa Ramadhani, ongea nasi kabla ya kufunga. Mjamzito anayehofia afya yake ana ruhusa ya kulipa baadaye. Na mtoto akipunguza kucheza, usisubiri tarehe ya kliniki, njoo hospitali saa hiyohiyo.

Kondo likishatoka, sukari ya wengi hurudi kawaida ndani ya siku chache, na hapo ndipo tunapowapoteza. Aliyepata kisukari cha mimba yuko kwenye hatari kubwa ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele, hivyo anatakiwa apimwe tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha angalau kila miaka mitatu. Arobaini ikiisha, mtoto anakuja kwa chanjo ya wiki ya 6. Siku hiyo panga na nesi wako mapema, na uje kabla hujanywa chai.